Kahawa iliyonukia dagaa

Tawi la tatu la mgahawa wetu wa kahawa tulilifungua Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Wiki ya pili mteja akarudisha kikombe. "Dada, hii ni kahawa au mchuzi?" Nikaonja, nikanyamaza. Dagaa kabisa.

Mkaangaji ni mimi, kwa hiyo kesi ilikuwa yangu. Punje ikishakaangwa hujaa vitundu vidogo mno, na hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani. Tawi la mjini tulizoea kuacha mfuko wazi kaunta siku tatu nzima na hakuna aliyelalamika, maana jirani yetu ni duka la vitenge. Kirumba jirani ni magunia ya dagaa. Siku hizi nakaangia sehemu moja, Nyakato, napeleka mifuko midogo iliyofungwa. Ukifunguliwa, uishe siku hiyohiyo.

Hilo lilikwisha upesi. Menyu ndiyo ilitutoa jasho.

Wachuuzi wa Mwaloni wanaingia sokoni alfajiri, na saa hizo hakuna anayetaka kapuchino. Wanataka kahawa chungu, finjani mbili na kashata ya karanga, wasimame, wanywe, waondoke. Tena walikuwa na mtu wao, mzee mmoja mwenye dele, birika lile la kahawa, na jiko la mkaa. Badala ya kushindana naye nikampelekea arabika yetu ya Tarime, kahawa ya aina laini, ajaribu. Akaonja, akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, hii ni ya wagonjwa."

Nilikasirika, kisha nikaelewa. Utamu wa arabika uko kwenye harufu, na harufu hupaa na mvuke. Ukiiacha ikitokota juu ya mkaa saa nzima, unabaki na maji ya kahawia yenye uchungu usio na uzito. Robusta ya Kagera, aina ile nyingine ya kahawa, haina manukato mengi ya kupoteza. Ina uzito, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Mtu aliyeamka saa tisa usiku anaijua tofauti hiyo bila kuelezwa. Mimi nilifundishwa kuidharau robusta, huku ng'ambo ya ziwa Wahaya wakimkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna tangu enzi za mababu.

Tukakubaliana: namkaangia robusta, anainunua kwa bei ya jumla, dele linakaa barazani kwetu. Saa mbili asubuhi mashine inawashwa, wanakuja wa ofisini. Hata espreso yetu sasa ina robusta asilimia 30, na povu lake halizami maziwa yakimiminwa. Umeme ukikatika, nawaelekeza wateja barazani. Wengine hawarudi ndani tena, jambo linaloniuma kidogo.

Tawi la nne tunalitafutia chumba Nyegezi, karibu na stendi. Jana dalali alinionyesha fremu moja nzuri. Kabla ya kuuliza kodi nilizunguka nyuma, nikanusa.