Ufanisi wa kusoma kwa watoto wa msingi: unategemea nini?

Mzazi akimwona mwanawe wa darasa la pili anatiririsha ukurasa mzima kwa sauti, husema huyu keshajua kusoma. Pengine amejua nusu tu. Ufanisi wa kusoma una sehemu mbili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuelewa kinachosemwa. Mwaka 1986, watafiti Philip Gough na William Tunmer waliziweka sehemu hizo kama hesabu ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Moja ikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Hapa Mombasa mfano wake uko chuoni, yaani madrasa. Mtoto huanza na alifu na bee, akafundishwa irabu, hatimaye akausoma msahafu bila kukwama ilhali Kiarabu hakijui. Chuoni hiyo si kasoro, maana kisomo chenyewe ni ibada. Yakitokea hayo kwenye kitabu cha sayansi cha Kiingereza, mtoto hajapata kitu, na kwa vile anasoma vizuri kwa sauti, mwalimu huenda asigundue.

Kutambua maneno huanzia sikioni: mtoto asikie kwamba "kaa" na "taa" zinaachana mwanzoni. Kisha yaja maandishi. Kiswahili kina huruma. U ni u popote. Kiingereza kina "cut" na "put", na mtoto inabidi akariri. Ndiyo maana sielewi haraka ya kumtia mtoto wa Kisauni kwenye Kiingereza kabla hajashika silabi za lugha anayoota nayo. Halafu kuna kitabu chenyewe. Mpango wa Tusome wa kufundisha kusoma shuleni, ulioenea Kenya nzima kuanzia 2015, ulilenga kila mwanafunzi awe na chake, kwa sababu anayechungulia cha jirani hafanyi mazoezi ya kutosha.

Kuelewa nako hujengwa kwa mazungumzo. Hadithi za nyanya, vitendawili, hata maswali ya "kwa nini" yanayochosha, vyote huongeza msamiati. Na anayoyajua mtoto humsaidia: aliyezoea feri ya Likoni ataelewa habari ya kivuko upesi kuliko habari ya theluji, ingawa maneno yana ugumu uleule.

Njaa, utoro na darasa lililojaa pia hurudisha nyuma, hilo halihitaji maelezo. Linalosahaulika ni macho. Kabla ya kumwita mtoto mzito, mketishe mbele, kisha mpeleke akapimwe.