Nani Aliyemchora Mickey Mouse?

Waliokulia kwenye katuni za Tom na Jerry huenda wanalikumbuka jina la Fred Quimby, lililotokea kwenye skrini kabla paka hajaanza kumkimbiza panya. Quimby hakuchora. Alikuwa mtayarishaji wa studio ya filamu ya MGM, na Oscar za katuni zilipotolewa, yeye ndiye aliyepanda jukwaani. Waliowabuni wahusika hao ni William Hanna na Joseph Barbera. Katika filamu yao ya kwanza, mwaka 1940, hawakutajwa kabisa. Aliyeandikwa ni mtayarishaji Rudolf Ising.

Sisi wa hakimiliki huulizwa: aliyechora si ndiye mwenye mali? Si lazima. Mara nyingi huamua mkataba.

Walt Disney mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1927 studio yake ilianza kutengeneza katuni za sungura Oswald, zikisambazwa na kampuni ya filamu ya Universal. Mwanzoni mwa 1928 alikwenda New York kumwomba Charles Mintz, aliyekuwa akimlipa, aongeze fedha. Mintz akataka kupunguza, na chini kwa chini alikwishawachukua wachoraji wengi wa Disney. Disney akaondoka mikono mitupu, maana sungura alikuwa wa Universal. (Kampuni ya Disney ilimrudisha Oswald mwaka 2006, kwa makubaliano yaliyomruhusu mtangazaji wake wa michezo Al Michaels kuhamia NBC, televisheni iliyokuwa chini ya kampuni moja na Universal. Mikataba ina mambo!)

Aliyebaki na Disney ni rafiki yake, mchoraji Ub Iwerks, na huyu ndiye aliyempa Mickey umbo: kichwa duara, masikio duara, mikono na miguu myembamba kama mirija. Duara huchorwa haraka, na haraka ilihitajika. Iwerks alichora katuni ya Mickey iitwayo Plane Crazy karibu peke yake. Inasemekana alifikisha picha 700 kwa siku. Katuni nyingine ya Mickey, Steamboat Willie, ilipoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, jina lake lilikuwamo mwanzoni, chini ya la Disney. Watu wakashika la juu.

Iwerks alikuwa na asilimia 20 ya studio. Alipoondoka mwaka 1930 aliiuza kwa dola 2,920, na mwaka 1940 akarudi kama mwajiriwa. Mimi simlaumu: wakati ule nani angejua?

Nchini Marekani, hakimiliki ya Steamboat Willie iliisha tarehe 1 Januari 2024. Mickey wa filamu ile, asiye na rangi wala glavu, sasa anaweza kutumiwa huko na yeyote. Matoleo mengi ya baadaye bado yanalindwa, na jina Mickey Mouse ni alama ya biashara, kwa hiyo usilibandike kwenye fulana za kuuza kabla ya kupata ushauri wa kisheria.