Hazina ni nini, na bajeti yake huenda wapi?

Kila mwaka Bunge likikaa Dodoma kujadili bajeti, hufika zamu ya Wizara ya Fedha kuomba fedha zake. Kiasi kinachotajwa ni matrilioni ya shilingi, na maswali huanza hapo hapo: wizara isiyojenga barabara wala kununua dawa inazipeleka wapi? Swali ni la haki kabisa. Ili kulijibu, tuanze na Hazina yenyewe.

Hazina ni ofisi ya Serikali, iliyo ndani ya Wizara ya Fedha, inayoshika fedha za umma: inapanga ukomo wa matumizi wa kila wizara, inakopa kwa niaba ya nchi, inalipa na kutunza hesabu. Ibara ya 135 ya Katiba ya Tanzania inataka mapato ya Serikali yaingie katika mfuko mmoja, Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatengea mfuko mwingine. Kodi inayokusanywa na TRA huishia humo.

Kuingiza ni rahisi, kutoa ndiko kwenye masharti. Ibara ya 136 inazuia fedha kutoka bila matumizi yake kuidhinishwa kisheria, na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, lazima ajiridhishe kwanza. Baada ya hapo mwenye kauli ni Katibu Mkuu wa Hazina, ambaye cheo chake kingine ni Mlipaji Mkuu wa Serikali. Chini yake wapo maafisa masuuli, yaani makatibu wakuu wa wizara, wakurugenzi wa halmashauri na wengineo, na kila mmoja anabanwa binafsi kwa fedha alizokabidhiwa.

Sasa yale matrilioni. Bajeti ya wizara hii imegawanywa kwa mafungu: Fungu 50 ni wizara yenyewe, Fungu 21 ni Hazina, Fungu 23 ni Mhasibu Mkuu wa Serikali. Lakini mzigo wenyewe uko Fungu 22, Deni la Taifa na Huduma Nyinginezo. Mishahara, mafuta ya magari na safari za watumishi wa wizara ni sehemu ndogo mno ya jumla ile. Fedha nyingi zinapita tu kwenda kwa waliotukopesha, wakiwemo wananchi na benki zilizonunua hati fungani. Mwaka 2024/25 bajeti nzima ya Serikali ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na takriban trilioni 13 kati yake zilitengwa kwa ajili ya deni. Ni zaidi ya robo. Tena deni halisubiri huruma ya mtu: Ibara ya 141 inalidhamini kwa Mfuko Mkuu wenyewe, kwa hiyo mapato yakipungua, kinachokatwa kwanza ni miradi na matumizi mengineyo, ile OC ambayo watumishi wanaijua vizuri.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Bajeti kupitishwa si fedha kutolewa. Bunge linaidhinisha ukomo. Fedha zenyewe Hazina huzitoa kidogo kidogo kadiri makusanyo yanavyoingia. Chukua halmashauri iliyojenga zahanati. Fundi amemaliza, mhandisi ameikagua kazi, madai yameingizwa kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Kama kifungu kile hakijaletewa fedha, malipo hayaendi, hata kama mradi ulisomwa bungeni na kupigiwa makofi. Fundi anabaki akidai, na deni lake linahamia mwaka wa fedha unaofuata, unaoanza Julai 1.

Kwa hiyo mbunge anayeuliza “zimetoka asilimia ngapi?” ameuliza la maana kuliko anayeuliza “zimetengwa ngapi?” Nasi wapiga kura tuna pa kulitafutia jibu: ripoti ya CAG, ambayo hukabidhiwa Rais kila mwaka kisha ikafikishwa bungeni, huweka fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa bega kwa bega, fungu kwa fungu.