Uwindaji wa trofi: wingi si ubingwa

Vibanda vya pleisteshen hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, vina mabishano ya kila siku kuhusu nani mkali. Kwenye gemu ya mpira jibu hupatikana haraka: anayefungwa huinuka, anayeshinda hubaki na pedi. Mwindaji wa trofi, yaani anayekusanya tuzo za kidijitali ambazo gemu humpa mchezaji akitimiza kazi fulani, hapimiki hivyo. Hashindani na aliyeketi kando yake. Anashindana na orodha ya kazi alizopangiwa na waliotengeneza gemu. Ndiyo maana wengi humpima kwa vigezo visivyomfaa, na wawindaji hodari kabisa hupita bila kutambuliwa.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba mwenye hesabu kubwa ndiye bingwa. Chanzo chake kinaeleweka. Xbox 360 ilipotoka Novemba 2005, Microsoft ilimpa kila mchezaji jumla moja ya pointi za tuzo zake, iitwayo Gamerscore, na gemu kamili ya diski ilibeba pointi 1,000. Sony ikafuata mwaka 2008 na trofi za PS3: shaba, fedha, dhahabu na platinamu, ambayo hutolewa ukishapata nyingine zote za gemu ya msingi. Jumla ikiwa mbele ya macho, watu huanza kulinganisha. Machi 2014 Mmarekani Ray Cox, ajulikanaye kama Stallion83, akawa wa kwanza kufikisha Gamerscore milioni moja. Namheshimu sana, kwa sababu hiyo ni kazi ya miaka mingi.

Lakini jumla pekee haikwambii pointi zilitoka wapi. Kuna gemu ya Xbox 360 ya mwaka 2007, Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth, ambayo pointi zake zote 1,000 hupatikana kwa dakika chache tu. Unasimama karibu na adui, unabonyeza kitufe kilekile mfululizo hadi mapigo 50, basi. Kwenye PlayStation leo kuna gemu ndogo za bei rahisi zinazotoa platinamu upesi vilevile, na toleo la PS4 na la PS5 la gemu moja mara nyingi huwa na orodha tofauti, kwa hiyo kazi ileile inahesabiwa mara mbili. Mtu akijaza akaunti kwa njia hiyo hajamkosea yeyote. Ila usiniambie ni mkali kwa sababu ya namba hiyo.

Kipimo chenye maana ni uhaba: kati ya walioicheza gemu hiyo, ni wangapi waliipata trofi hiyo? Tovuti ya TrueAchievements, inayofuatilia tuzo za Xbox, hupiga hesabu yake hivi: inachukua idadi ya wachezaji wake wenye gemu, inagawanya kwa idadi ya waliofanikiwa, kisha inatafuta kipeuo cha pili na kuzidisha jibu kwa pointi za tuzo. Wenye gemu wakiwa 10,000 na waliofanikiwa wakiwa 100 tu, jibu ni 10, kwa hiyo tuzo ya pointi 10 inahesabiwa kuwa 100. Wakifanikiwa wote, 10 inabaki 10. Kijana mwenye platinamu chache zilizowashinda wengi ana rekodi nzito kuliko mwenye mamia ya zile za kubonyeza kitufe kimoja.

Mfano wa nzito? Gemu ya Wolfenstein II ina ngazi ya ugumu iitwayo Mein leben: gemu nzima kwa uhai mmoja, bila kuhifadhi popote. Ukifa karibu na mwisho, unaanza upya kabisa.

Wengine husema ubingwa uko kwenye vidole. Vidole vinahitajika, sikatai. Call of Duty 4 ina misheni ya ndani ya ndege, Mile High Club, ambayo kwenye ngazi ya Veteran lazima uimalize ndani ya dakika moja. Hapo mkono mzito haufiki. Lakini angalia tuzo moja ya gemu ya muziki, Rock Band 2: kupiga nyimbo zake zote 84 mfululizo, bila kusimamisha gemu wala kushindwa wimbo hata mmoja, zaidi ya saa sita. Hapo kinachopimwa ni subira na mpangilio. Kwa mtaa ambao stima hupotea bila taarifa, ni lazima pia uchague siku kwa makini.

Namfahamu mwindaji mmoja wa Section 58, Nakuru, ambaye hagusi pedi kabla ya kufungua daftari. Anachora safu tatu: trofi zinazoweza kupitwa ukishaondoka eneo fulani, zinazohitaji kumaliza gemu mara ya pili, na zinazotegemea mtandao. Hizi za mtandao huanza nazo, na ana sababu nzuri. Seva huzimwa. Mwaka 2021 Sony ilizima kabisa zile za gemu ya LittleBigPlanet kwenye PS3, na trofi zilizohitaji wachezaji wengine mtandaoni zikaondoka nazo.

Je, kusoma mwongozo wa jinsi ya kupata trofi ni wizi? Hapana. Mwongozo hukuonyesha njia, kutembea ni kwako. Wizi ni kutumia programu inayofungua trofi bila kucheza, au kupakua faili la mtu aliyekwisha kumaliza. Mwaka 2008 Microsoft ilifuta pointi za waliokamatwa hadi sifuri na kuweka alama ya udanganyifu kwenye wasifu wao. Muda wa kila trofi hurekodiwa, na ya sura ya mwisho ikitangulia ya sura ya kwanza, wenye jicho huona.

Platinamu nayo si gemu nzima. Trofi za nyongeza zinazouzwa baadaye hazihesabiwi humo.

Kuhusu pesa na bando, watu hukata tamaa mapema bila sababu. Trofi za gemu ya mtu mmoja hupatikana hata bila intaneti. Zinapelekwa kwenye akaunti ukiunganisha baadaye. Asiye na konsoli anaweza kuweka RetroArch, programu ya kuchezea gemu za konsoli za zamani, kwenye simu na kuwinda tuzo za gemu hizo kupitia tovuti ya RetroAchievements. Achague hali ya hardcore, ambayo haikubali kurudisha gemu nyuma wala kupakia hali iliyohifadhiwa katikati.

Kwa anayechezea kibandani, neno moja: trofi huenda kwa akaunti iliyofunguliwa wakati huo, si kwa mwenye kushika pedi. Nimeona vijana wakimaliza gemu ngumu sana huku rekodi yote ikiingia kwa mwenye kibanda. Mwombe akuruhusu kufungua wasifu wako kwenye mashine, nakili data ya gemu kwenye flashi kama ni PS4, na kabla ya kuinuka hakikisha trofi zimeshafika kwenye seva, kisha utoke kwenye akaunti yako.