Je, wajua kwa nini mtihani wa leseni ya uuguzi huuliza "utaanza na lipi?"

Mama amejifungua saa mbili zilizopita. Pedi aliyobadilishiwa robo saa iliyopita imelowa yote, presha yake ni 108/68, moyo unapiga mara 118 kwa dakika, na ukimgusa tumbo karibu na kitovu unakuta mfuko wa uzazi umekaa katikati, laini kama unga wa maandazi. Muuguzi afanye nini kwanza: apime presha tena, amwite daktari, aukande mfuko wa uzazi, au aongeze kasi ya dripu?

Mtahiniwa anayekutana na swali la namna hii kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba majibu yote manne ni sahihi, na analalamika kwa haki, kwa kuwa hakuna muuguzi makini ambaye angeacha hata moja kati ya hayo kabla zamu haijaisha. Kwa nini basi alama itolewe kwa moja tu?

Jibu limo mwilini mwa huyo mama. Mishipa iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma hupita katikati ya nyuzi za misuli ya mfuko wa uzazi, na kondo likishatoka, kinachoifunga mishipa hiyo kwanza ni misuli yenyewe kujikaza na kuibana. Mimba inapokaribia kutimia, mililita 500 hadi 700 za damu hupita katika mfuko huo kila dakika, kwa hiyo misuli ikilegea mishipa hubaki wazi na damu hutoka kwa kasi ya kutisha. Kulegea huko ndiko chanzo kikuu cha mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kati ya yale majibu manne, ni kukanda peke yake kunakogusa chanzo, hakungoji maagizo ya mtu, na huanza sekunde ileile. Mkono mmoja hushikilia sehemu ya chini ya mfuko, juu kidogo ya kinena, na mwingine hukanda juu mpaka uwe mgumu kama chungwa bichi. Wakati huohuo muuguzi hupaza sauti kuomba msaada. Dripu nayo ina kazi yake, lakini ikitangulizwa inakuwa kumimina maji katika ndoo inayovuja.

Wanaojikwaa hapa wengi hudanganywa na presha. Wakiona 108/68 wanatulia, wakisahau kwamba ujauzito humwongezea mwanamke damu kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, na kwamba mwili unaopoteza damu hukimbiza moyo na kubana mishipa ya ngozi kabla ya kuiachia presha ishuke. Mama huyu anaweza kupoteza damu nyingi mno huku kipimo kikiendelea kusoma vizuri. Mapigo 118 yalikwisha kusema mapema, kama ambavyo mahangaiko kitandani na ngozi inayopoa navyo husema. Katika mambo haya presha huchelewa kusema.

Mtihani unaojulikana zaidi kwa maswali ya aina hii ni NCLEX, unaotoa njia ya kupata leseni ya uuguzi Marekani, na ambao wauguzi wengi kutoka Kenya huufanya wanapotafuta kazi huko. Tangu Aprili 2023 umekuwa na sura mpya inayopima uamuzi wa kitabibu kwa hatua sita: kutambua dalili zenye uzito, kuzichambua, kupanga lipi ni la hatari zaidi, kufikiria la kufanya, kulifanya, kisha kuangalia kama limesaidia. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba maswali sita mfululizo, hali yake ikibadilika kadiri mtahiniwa anavyosonga mbele. Kompyuta huchagua swali linalofuata kulingana na uwezo aliokwisha kuuonyesha, na mtihani unaweza kukoma baada ya maswali 85 au kufika 150.

Wanaojiandaa hupenda kukariri kanuni ya njia ya hewa, kupumua, kisha mzunguko wa damu, inayofupishwa kwa Kiingereza kuwa ABC. Ni kanuni nzuri, ila haiwezi kufikiri kwa niaba ya muuguzi. Mama wetu anazungumza, maana yake njia ya hewa i wazi, na anayekimbilia kumwekea oksijeni kwa sababu ameona herufi ya kwanza ya kanuni atakuwa amehesabu hatua bila kumtazama mgonjwa. Na swali likibadilishwa maneno machache tu, yaani mfuko wa uzazi usiwe katikati bali uwe umesukumwa kulia na kupanda juu ya kitovu, muuguzi anapaswa kukumbuka kibofu kilichojaa, kwa sababu kibofu hicho huuzuia mfuko kujikaza hata ukikandwa kwa bidii. Hapo mama husaidiwa kukojoa, au huwekewa mpira wa mkojo.

Hatua ya sita ndiyo watahiniwa huipuuza zaidi, pengine kwa sababu haina ushujaa. Baada ya kukanda na kutoa dawa ya kukaza misuli kama ilivyoagizwa, muuguzi hurudi tena na tena kugusa tumbo lilelile, huhesabu mapigo, na hupima pedi kwenye mizani: uzito wa pedi iliyolowa ukiondoa uzito wa pedi kavu, kila gramu 1 ikihesabiwa kuwa mililita 1 ya damu.