Dhana potofu baada ya operesheni ya tumbo: kujamba sio kupona

DHANA: Akishajamba na kidonda kikakauka, kapona huyo.
UKWELI: Hata sisi tulishangilia mjomba alipojamba wodini, utumbo ulikuwa umejisokota akafanyiwa operesheni na kila nesi akipita swali ni hilo hilo, "mzee umeshatoa upepo?" Sasa upepo unakupa habari za utumbo tu, mapafu, figo, moyo na mishipa ya damu vina kesi zake.

DHANA: Kichomi hicho ni baridi tu.
UKWELI: Hapa ndo tuliingia chaka. Mwezi wa 7, Tukuyu na ukungu wake, wiki ya pili tangu operesheni, mjomba ndala ya kushoto haimwingii lakini ya kulia inaingia freshi. Mkewe akachemsha maji akamchua weee. Kesho yake katoka chooni, kamlima kenyewe kadogo, anahema kama kakimbizwa, akivuta pumzi kichomi, na sisi tunamwongezea sweta! Kumbe damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kikachomoka kikaenda kuziba kwenye mapafu, na hiyo kitu inaua fasta. Hatari yenyewe haiishi siku ya ruhusa, inaweza kukufuata nyumbani wiki kadhaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma usichue, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na pumzi ikikata ghafla au ukikohoa damu usisubiri kukuche.

DHANA: Asikohoe, nyuzi zitaachia.
UKWELI: Kulala chali siku nzima na kuvuta vipumzi vifupi kwa kuogopa maumivu ndo kunakaribisha nimonia. Akumbatie mto tumboni akohoe, akae, atembee mapema kadiri daktari alivyoruhusu. Na dawa ya maumivu anywe jamani, ushujaa wa nini.

DHANA: Bibi anaongea na watu hatuwaoni, karogwa.
UKWELI: Mzee akichanganyikiwa ghafla baada ya operesheni angalia kwanza maambukizi, oksijeni kushuka, maji kupungua mwilini, au dawa zenyewe. Yuti ai (maambukizi ya njia ya mkojo) inayoletwa na mpira wa mkojo nayo imo. Mkojo ukiwa kidogo sana siku nzima pia sema, figo hizo.

Mjomba yupo, alimeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi. Ila ukifika mapokezi taja operesheni kwanza, sisi tulianza na "ana kikohozi" tukakaa foleni na wenye mafua.