Bendi haikuondoka na mwimbaji

Juzi tena, kwenye shughuli moja Temeke, nakunja waya zangu, mzee mmoja akanishika bega: "Mwanangu, mnapiga vizuri, ila Sikinde ilikufa siku walipoondoka waimbaji wake." Nikamwitikia, shikamoo yake nikampa, moyoni nachemka. Sikinde ndiyo Mlimani Park Orchestra, bendi ya dansi ya Dar es Salaam.

Mimi ni mpiga gitaa la rithimu, kwa hiyo upendeleo wangu ujueni mapema.

Historia nitaipita haraka. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ikazaliwa 1978, na mwimbaji Muhidin Gurumo akahamia huko kutoka Juwata. 1985 akaenda zake bendi ya Safari Sound, baadaye akarudi Msondo. Mwimbaji mwenzake Bitchuka naye alizunguka hivyo hivyo. Sasa kama bendi ni mwimbaji, Gurumo alikuwa anatembea na bendi tatu mfukoni? Mbona Sikinde ikianza kulia unaijua hata kabla mtu hajafungua mdomo?

Tatizo ni kwamba mnasikiliza juu juu. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezea ambapo magitaa yanatawala, mnadhani umekwisha, wengine mnaukata kabisa na kunitumia kipande cha mashairi tu. Jamani! Hapo ndipo bendi inaanza kusema. Rithimu inashika kifungu kifupi na kukirudia bila kuyumba, sekondi solo, gitaa la pili, anachomeka nota kwenye nafasi alizoachiwa, solo anapita juu yao. Mtu kama mpiga gitaa Michael Enoch, aliyetokea Dar es Salaam Jazz, hakuitwa King kwa sababu ya koo.

Mimi mwenyewe Sikinde niliisusa miaka mingi. Ukipiga kila wikendi, nyumbani hutaki hata redio. Wimbo mmoja ndio ulionirudisha, ndani ya daladala ya Mbagala. Sitautaja, maana nikiutaja mtaanza kubishana nani aliimba. Spika ya dereva ilikuwa mbovu: besi hakuna, sauti za waimbaji zinakwaruza, kilichobaki wazi ni rithimu. Nikagundua jamaa anaacha pigo moja kila mzunguko. Haligusi kabisa! Wimbo nimeusikia tangu utotoni na pengo lile sijawahi kulisikia. Nikaanza kuhesabu kwa vidole juu ya goti, kituo changu kikanipita. Usiku ule nilizisikiliza nyimbo zao mpaka simu ikazima chaji.

Kuna jambo linanisumbua lakini. Nyimbo zile bendi nzima ilizipiga kwa pamoja studio ya Radio Tanzania, watu wakazinasa redioni, kaseti ikazaa kaseti, spidi ikapanda, na sauti nayo ikapanda. Nikifuatisha kwa gitaa, wimbo hauko G wala A-flati, uko katikati, nalazimika kukaza nyuzi zote sita kidogo kidogo. Sasa ile raha ni ya bendi, au ni ya kaseti iliyokimbia? Ningependa kuapa kuwa ni bendi. Siapi.

Wewe chukua wimbo mmoja unaokugusa, mmoja tu, vaa spika za masikioni, mwache mwimbaji aimbe huku wewe unamfuata mpiga rithimu mpaka mwisho wa chemko. Ukimpoteza njiani, rudi mwanzo. Na yule mzee wa Temeke, kama mjukuu wake anasoma hapa, amwekee wimbo kama huo kesho asubuhi, kwa sauti ya juu.